Moyo na saa ya mwili huko angani: tunajibu maswali yenu

Tangu Sunita Williams na Barry Wilmore warudi duniani Machi 2025, baada ya siku 286 kwenye safari iliyopangwa kuchukua siku nane hivi, barua kuhusu miili ya wanaanga hazikatiki. Tumechagua saba. Zilizouliza jambo moja tumeziunganisha.

Kwenye picha, nyuso za wanaanga huonekana zimejaa na macho yamevimba. Ni unene au ni ugonjwa?
*Mwanafunzi wa kidato cha nne, Moshi*

Si unene wala ugonjwa. Ni maji yaliyohama. Ukisimama hapa duniani, mvutano huivuta damu kuelekea miguuni, na mwili una mbinu zake za kuirudisha: misuli ya vigimbi huzikamua vena, vali zilizomo ndani ya vena huzuia damu isishuke tena, na mishipa ya miguu hujibana. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinaizunguka dunia kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa, na kila kilichomo kinaanguka pamoja nacho, kwa hiyo uzito hausikiki. Mbinu zile zinaendelea kufanya kazi ingawa hakuna tena cha kupingana nacho. Takriban lita mbili za majimaji hupanda kutoka miguuni kwenda kifuani na kichwani. Saa chache tu baada ya kuruka uso umeshajaa, pua imeziba kama ya mtu mwenye mafua, chakula hakina ladha, na wengi huanza kuulizia pilipili. Miguu nayo hukonda. Wenyewe huiita miguu ya ndege.

Vitabu vingi vya shule vinasema kwamba baada ya hapo mwanaanga hukojoa sana ili kupunguza maji yaliyozidi. Vipimo vya safarini havikuonyesha hivyo. Siku za mwanzo mtu hunywa kidogo kwa sababu ya kichefuchefu, na sehemu ya maji hutoka kwenye mishipa na kuingia kwenye tishu. Matokeo ni kwamba plazima, yaani sehemu ya majimaji ya damu, hupungua kwa asilimia 10 hadi 15 katika siku chache. Chembe nyekundu nazo hupungua. Utafiti wa wanaanga 14 uliotolewa Canada mwaka 2022 ulionyesha kwamba angani mwili huvunja chembe nyekundu milioni 3 hivi kila sekunde, wakati duniani huvunja milioni 2, na hali hiyo iliendelea miezi yote sita.

Liko jambo moja lililowashangaza hata mabingwa. Ilitarajiwa kwamba damu ikijaa kifuani, shinikizo kwenye vena kubwa zinazoingia moyoni litapanda. Juni 1991 daktari wa moyo Drew Gaffney alirushwa na chombo cha Columbia akiwa tayari amepitishwa mpira mwembamba kutoka kwenye vena ya mkono hadi karibu na moyo. Walipofika angani shinikizo lilishuka. Maelezo yanayokubalika ni kwamba uzito wa kifua na viungo unapoondoka, kifua hutanuka na moyo hupata nafasi ya kujaa bila kusukumwa.

Nimesoma kwamba moyo hupungua angani. Unapungua kiasi gani, na je, mapigo huvurugika?
*Muuguzi, Mombasa*

Unapungua, ila tutofautishe mambo matatu yanayochanganywa mno kwenye habari: ukubwa wa msuli, kiasi cha damu kinachosukumwa, na mpangilio wa mapigo.

Kwanza msuli. Scott Kelly alikaa angani siku 340, kuanzia Machi 2015 hadi Machi 2016, akifanya mazoezi siku sita kwa wiki. Hata hivyo uzito wa ventrikali yake ya kushoto, yaani chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, ulishuka kwa zaidi ya robo. Watafiti wa Dallas wakamlinganisha na Benoît Lecomte, muogeleaji aliyejitosa kwenye Bahari ya Pasifiki mwaka 2018 na kuogelea saa kadhaa kwa siku kwa miezi mitano. Naye msuli wa moyo wake ulipungua kwa kasi ileile. Mwili uliolala majini hubebwa na maji, na moyo hauna mlima wa kupandisha damu. Tunaona hii ndiyo habari yenye uzito kuliko ile ya Kelly peke yake: mazoezi mepesi, hata yakiwa ya saa nyingi, hayachukui nafasi ya kusimama wima kutwa. Mioyo yote miwili iliendelea kufanya kazi vizuri. Umbo pia hubadilika kwa muda. Wanaanga 12 waliopimwa kwa altrasaundi walionyesha moyo uliokuwa mviringo zaidi kwa asilimia 9.4, na ulirudi kwenye umbo lake baada ya kutua.

Pili, damu inayosukumwa. Wanaanga wanane walipimwa presha kwa saa 24 kati ya mwezi wa tatu na wa sita wa safari. Presha ilikuwa imeshuka kwa milimita 8 hadi 10 za zebaki, kasi ya mapigo haikubadilika, lakini damu iliyosukumwa kwa dakika ilikuwa imeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Msuli unapungua, damu inaongezeka: inawezekanaje? Fikiria pampu iliyozoea kupandisha maji hadi tangi la juu ya paa, kisha bomba likashushwa hadi usawa wa pampu. Maji yatatoka mengi na mota itafanya kazi kidogo. Moyo wa angani uko hivyo. Mishipa imelegea na hakuna kimo cha kushindana nacho. Kasoro iko upande wa ateri. Baada ya miezi sita, ateri za shingoni zimekutwa zimekakamaa kwa kiwango ambacho duniani hutarajiwa baada ya miaka 10 hadi 20 ya uzee.

Tatu, mapigo. Mwaka 1971, kwenye Apollo 15, James Irwin alionekana kwenye ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, akipiga mapigo mawilimawili, moja la kawaida na moja la mapema, baada ya kazi ngumu mwezini. David Scott naye alikuwa na mapigo ya mapema. Walikuwa wamechoka, wamepoteza maji, na potasiamu yao ilikuwa chini. Kwa hiyo Apollo 16 ikapelekewa juisi ya machungwa iliyoongezwa potasiamu, na John Young akalalamika gesi tumboni huku kipaza sauti kikiwa wazi, dunia nzima ikimsikia. Julai 1987 Aleksandr Laveykin alirudishwa mapema kutoka Mir, kituo cha anga cha Kisovieti, baada ya ECG yake kuonyesha mapigo yasiyo ya kawaida. Alipopimwa duniani alionekana mzima. Siku hizi wanaanga huvaa kinasa ECG kidogo kwa saa 24, kabla ya safari, wakiwa angani na baada ya kurudi, ili kuona pia tofauti ya mchana na usiku: mapigo yanatakiwa kushuka usingizini, na yasiposhuka ni dalili kwamba mwili haupumziki.

Kwa kuwa wewe ni muuguzi: altrasaundi ya moyo angani hufanywa na mwanaanga mwenyewe au mwenzake, huku mtaalamu aliye duniani akiangalia picha na kuelekeza. Lazima ajifunge kwa mikanda, maana akikandamiza kifaa kifuani bila kujishikiza, atajisukuma arudi nyuma.

Mimi ni mlinzi wa zamu ya usiku. Huko juu jua huchomoza kila baada ya saa moja na nusu. Wanalala saa ngapi? Na mimi nifuate nini kwao?
*Msomaji, Mwanza*

Kituo hukamilisha mzunguko mmoja kwa dakika 92 hivi, kwa hiyo wanaona macheo 15 au 16 kwa siku. Hawayafuati. Wanafuata saa za Greenwich: kuamka saa 12 asubuhi na kulala saa 3:30 usiku. Kwa saa za Afrika Mashariki, wanaamka saa 3 asubuhi, nawe umeshatoka zamu, na wanalala saa 6:30 usiku.

Ratiba peke yake haitoshi. Saa ya mwili iko kwenye ubongo, juu kidogo ya mahali mishipa ya macho inapopishana, na kwa watu wengi mzunguko wake unazidi saa 24 kwa dakika 10 hivi. Isiporekebishwa kila siku kwa mwanga mkali wa asubuhi, huchelewa kidogokidogo hadi mtu anakuwa macho usiku na mzito mchana. Kinachoirekebisha zaidi ni mwanga wenye rangi ya buluu. Ndiyo maana kuanzia mwaka 2016 taa za zamani za mirija kituoni zilianza kubadilishwa na kuwekwa taa za LED zenye hali tatu: nyeupe ya kawaida ya kelvini 4,500 (kipimo cha rangi ya mwanga) kwa kazi, yenye buluu nyingi ya kelvini 6,500 kwa kuamsha mwili au kuhamisha ratiba, na ya manjano ya kelvini 2,700 kabla ya kulala.

Mambo huharibikia wapi? Mahali pa kwanza ni dirishani. Mtu akienda kutazama dunia kabla ya kulala, anakutana na jua kali na saa ya mwili inaanza upya. Pili ni chombo cha wageni au cha mizigo kinachofika usiku wa manane wa Greenwich. Wote huhamisha usingizi kwa saa kadhaa mara moja, na mwili huchukua siku kadhaa kuwafuata. Tatu ni hewa. Mwanaanga hulala ndani ya mfuko uliofungwa ukutani, kwenye kijichumba chenye ukubwa wa kibanda cha simu, na feni lazima ipulize muda wote. Ikizimika, hewa aliyoitoa haipandi wala haishuki. Kabonidioksaidi hukusanyika usoni, naye huamka kichwa kinauma. Kwa hiyo huvumilia kelele.

Ratiba inawapa saa 8 na nusu za kulala. Waliopimwa kwa saa za mkononi walilala wastani wa saa 6 tu, na robo tatu yao walitumia dawa za usingizi wakati fulani. Hilo halitufurahishi, kwa sababu king'ora cha moto hakingoji dawa iishe. Joto la mwili nalo husumbua: wanaanga 11 waliopimwa kwenye paji la uso walipanda kwa nyuzi 1 hivi katika miezi miwili na nusu ya mwanzo, na usingizi mzuri unahitaji joto lishuke.

Wewe fanya hivi. Saa za mwanzo za zamu kaa kwenye mwanga mkali kadiri kazi inavyoruhusu. Chai ya rangi na kahawa ziishe saa sita kabla ya kulala. Ukitoka, vaa kofia na miwani ya jua hadi nyumbani, isipokuwa kama unaendesha pikipiki na miwani inakufanya usinzie. Chumba kiwe giza kabisa. Blanketi zito dirishani linatosha. Siku za mapumziko usirukie ratiba ya mchana moja kwa moja. Angalau saa nne za usingizi zibaki palepale.

Mwislamu aliye angani atafuata magharibi ipi kufuturu?
*Msomaji, Muscat*

Hatutoi fatwa, ila swali limekwishajibiwa na wanaohusika. Dkt. Sheikh Muszaphar Shukor wa Malaysia aliporuka kutoka Baikonur, Kazakhstan, Oktoba 2007, mwishoni mwa Ramadhani, wanazuoni wa nchi yake walitoa mwongozo: swala ni tano kwa kila saa 24, na nyakati zake ni za mahali aliporukia, saumu anaweza kuifunga au kuilipa baadaye. Sultan AlNeyadi wa Falme za Kiarabu, aliyekaa miezi sita mwaka 2023, alieleza kabla ya safari kwamba yeye ni msafiri na saumu haimlazimu. Kwa upande wa afya, ruhusa hiyo ina mantiki: plazima imeshapungua, na mifupa inatoa kalsiamu inayopita kwenye figo, kwa hiyo kunywa maji kidogo kunakaribisha mawe kwenye figo.

Wanafanya mazoezi gani, na kwa nini hayalindi moyo kikamilifu?
*Kocha wa riadha, Eldoret*

Hutengewa saa mbili na nusu kwa siku, pamoja na kuandaa mashine na kujifuta. Zipo tatu. Ya kunyanyulia hutumia silinda mbili zisizo na hewa badala ya vyuma, nayo huvuta hadi kilo 272. Anayechuchumaa lazima aongeze mzigo wa kufidia sehemu ya uzito wa mwili wake, maana kiwiliwili chenyewe hakina uzito. Akisahau hilo, anafanya zoezi la nusu. Mashine ya kukimbilia humfunga mabegani na kiunoni kwa mikanda na kamba zinazomvuta chini. Mikanda huchubua, kwa hiyo wengi hukimbia wakiwa na asilimia 70 hivi tu ya uzito wao. Baiskeli haina kiti. Hakihitajiki, viatu vikishabanwa kwenye pedeli. Jasho halidondoki. Hushikamana na ngozi, likikua na kukua, hadi lifutwe kwa taulo, na unyevu wake hukamatwa na mitambo na kurudi kuwa maji ya kunywa. Joto nalo halitoki vizuri. Wakati wa mazoezi makali joto la mwili limefika zaidi ya nyuzi 40.

Uwezo wa juu wa kutumia oksijeni hushuka kwa takriban asilimia 15 katika wiki mbili za mwanzo, kisha hupanda polepole. Mpango mmoja uliojaribiwa utauelewa vizuri: siku tatu kwa wiki mwendo mmoja wa dakika 30, na siku nyingine tatu mbio za vipindi, ama sekunde 30 mara nane, ama dakika 2 mara sita, ama dakika 4 mara nne. Nguvu ya vipindi huilinda pumzi vizuri. Kinachokosekana ni zile saa nyingine 21 na zaidi ambazo mkimbiaji wako hupanda ngazi, husimama foleni na kubeba mwili wake mwenyewe.

Wakitua hubebwa kwenye viti. Wamepooza? Na ile habari ya damu iliyoganda shingoni ni kweli?
*Mfamasia, Kampala, na msomaji wa Bujumbura*

Hawajapooza. Damu ni kidogo, vihisio vya presha vilivyo shingoni vimezubaa, na mvutano umerudi ghafla. Akisimama haraka, damu hushuka miguuni na kichwa hubaki bila ya kutosha. Juni 1970 wanaanga wa chombo cha Kisovieti Soyuz 9 walikaa siku 18 tu, bila mazoezi ya kutosha, wakashindwa hata kutembea. Baada ya safari ndefu za Mir, Wamarekani watano kati ya sita waliopimwa hawakumudu kipimo cha kusimama dakika 10.

Maandalizi ya sasa yana hatua zake. Katika wiki za mwisho Warusi huvaa suruali ngumu iitwayo Chibis, inayonyonya hewa kuzunguka miguu ili damu ishuke na mishipa ikumbushwe kazi yake. Siku ya kurudi mtu humeza vidonge vya chumvi vya gramu 1, vinane hivi, na karibu lita moja ya maji, katika saa mbili za mwisho. Chumvi hulishikilia maji ndani ya mishipa. Shida ni kichefuchefu, na kutua kukiahirishwa maji hayo huishia kwenye mkojo. Kisha huvaa nguo inayobana vigimbi, mapaja na tumbo, na kurudi amelala chali, ili kishindo cha mara nne au tano ya uzito kipite kutoka kifuani kwenda mgongoni na si kichwani kwenda miguuni. Baada ya kutua kuna drip ya maji ya chumvi kwa anayeihitaji. Kwa utaratibu huu na mazoezi, utafiti wa mwaka 2019 uliwafuatilia wanaanga 12 kwa saa 24 baada ya miezi sita angani, na hakuna aliyezirai akiendelea na shughuli za kawaida.

Kuhusu damu kuganda, ni kweli. Kati ya wanaanga 11 waliopimwa mshipa mkubwa wa shingoni, sita walikutwa damu imesimama au inarudi nyuma, na mmoja alikuwa na donge, takriban miezi miwili baada ya kuruka. Hakuwa na maumivu. Liligunduliwa kwa altrasaundi ya utafiti. Kituoni kulikuwa na enoxaparin kidogo ya sindano, dawa ya kuzuia damu kuganda, na haikuwapo dawa ya kuondoa nguvu yake endapo damu ingevuja. Hata kuivuta kutoka kwenye chupa kulikuwa kazi, kwa sababu dawa hung'ang'ania kuta za chupa na mapovu hayapandi juu. Waliibana dozi idumu hadi chombo cha mizigo kilipoleta vidonge vya apixaban, vya kazi hiyohiyo, zaidi ya siku 40 baadaye. Alipotua damu ilianza kupita tena.

Mama yuko kitandani wiki ya tatu baada ya kuvunjika nyonga. Je, hali yake inafanana na ya wanaanga?
*Msomaji, Tanga*

Inafanana sana, hadi watafiti hutumia kitanda kuiga anga: watu waliojitolea hulazwa siku 60 huko Cologne, Ujerumani, kichwa kikiwa kimeinamishwa nyuzi 6. Mwaka 1966, huko Dallas, vijana watano wa miaka 20 walilazwa wiki tatu tu, na uwezo wao wa mazoezi ukashuka kwa zaidi ya robo. Mama hana akiba ya kijana.

Daktari akisharuhusu aketi na kusimama, usimwinue moja kwa moja. Mwinue kwa mito hadi akae nusu wima, dakika tano. Mwambie akunje na kunyoosha nyayo mara 20. Kisha akae ukingoni mwa kitanda miguu ikining'inia, dakika mbili au tatu, umsemeshe huku ukimtazama uso. Ndipo asimame ameshikwa. Kama kuna mashine ya presha, pima akiwa amelala, kisha ndani ya dakika tatu za kusimama. Ile ya juu ikishuka kwa 20 au ya chini kwa 10, mrudishe aketi na umweleze daktari. Asubuhi ni hatari zaidi, na baada ya kula. Chumvi ya wanaanga usiijaribu kwake, hasa kama ana presha au figo zina shida. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, bila kuukanda mguu huo.